Nikitoka kula, sukari inashuka, jioni inapanda. Mume wangu anadhani nakula kwa siri

Daktari, salaam.

Nina miaka 54 na nina kisukari cha aina ya pili, mwaka huu ni wa 17. Miaka ya mwanzo nilitumia vidonge tu. Sasa nachoma insulini: ile ya siku nzima wakati wa kulala, na ile ya haraka kabla ya kila mlo. Nilishazoea. Sukari yangu haikuwa nzuri sana lakini nilikuwa naielewa. Nikila ovyo inapanda, nikifuata masharti inatulia.

Tangu mwaka jana siielewi tena. Nakuandikia haya nikiwa na daftari langu mbele yangu. Jumanne iliyopita kabla ya chakula cha mchana nilipima ikawa 7.4. Nikachoma dozi yangu ileile, nikala sahani yangu ileile, na wala sikuimaliza kwa sababu siku hizi nikifika nusu nimeshiba hadi kooni. Dakika 45 baadaye nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, midomo ikafa ganzi. Kupima, 3.4. Na nimetoka kula! Chakula chenyewe bado nakisikia kimekaa hapa chini ya kifua. Nikala biskuti nne na nusu mkate, ndipo nikatulia baada ya muda mrefu. Saa kumi na moja jioni nikapima tena: 15.8.

Usiku ni hivyohivyo. Nalala na 6, naamka na 14, na katikati sijatia kitu mdomoni.

Kliniki mhudumu aliangalia namba zangu akasema mbele ya watu, "Mama, wewe unakula usiku." Akaandika kwenye kadi kwamba sifuati masharti. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Tangu siku hiyo naona anaangalia vyombo jikoni asubuhi, hasemi kitu. Daktari, sijaficha hata tonge moja.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilitapika asubuhi, na nikaona vipande vya karoti nilizokula jana yake jioni, vimebaki kama nilivyovikata kwa kisu.

Jirani yangu naye ana kisukari. Amenishauri nianze kila mlo na bakuli la mboga mbichi zenye siki, yeye imemshusha sukari vizuri. Nimefanya wiki tatu na nimezidi kuwa mbaya.

Naomba unisaidie mambo matatu. Insulini yangu imeharibika? Niache kuchoma mchana? Na kwa nini kinachomponya mwenzangu kinaniumiza mimi?

Mama wa watoto watatu

*

Dada yangu, pole sana. Nakuamini, na nimetaka kulisema hilo kabla ya lingine lolote kwa sababu nimeona kwenye barua yako ndilo lililokuchoma zaidi. Mtu anayekula kwa siri sukari yake inapanda. Haishuki hadi 3.4 akiwa ndiyo kwanza ameinuka mezani, na chakula anakisikia kimejaa chini ya kifua. Namba zako zinasema kitu kingine, na zile karoti zinakisema kwa sauti kubwa zaidi.

Nashuku tumbo lako linachelewa kutoa chakula. Sijakupima, kwa hiyo lichukue kama shaka ya kupeleka kwa daktari wako na si kama jibu la mwisho. Nikisema tumbo hapa namaanisha ule mfuko unaopokea chakula kikishuka kutoka kooni, ulio juu, upande wa kushoto, chini ya mbavu.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba sukari baada ya kula inategemea ulichokula na kiasi ulichokula. Ni kweli, lakini kuna kitu cha tatu ambacho hakisemwi kliniki: chakula kimefika saa ngapi. Wanga ulioko tumboni bado si sukari ya damu. Tumbo lenyewe halinyonyi glukosi kwa kiasi cha maana. Kazi hiyo ni ya utumbo mwembamba. Tumbo linapokea, linahifadhi, linasaga chakula kigumu mpaka kiwe chembe za milimita moja au mbili, ndipo linakisukuma kidogo kidogo kupitia mlango wake wa chini. Kasi ya kawaida ni kilokalori 1 hadi 4 kwa dakika. Piga hesabu: mlo wa kilokalori 500 unaweza kuchukua saa tatu na zaidi kumalizika wote. Maji na juisi hupita upesi, chakula kigumu hukawia, chenye mafuta mengi hukawia zaidi.

Kasi hiyo si jambo dogo. Watu wakinywa glukosi ya kiasi kilekile, karibu theluthi moja ya tofauti ya jinsi sukari zao zinavyopanda mwanzoni inatokana na tumbo la nani limefungua mapema na la nani limechelewa.

Sasa njoo kwenye insulini, maana hapa ndipo shida yako ilipo.

Mwaka 1960 wanasayansi wa Marekani Rosalyn Yalow na Solomon Berson walichapisha njia ya kupima insulini iliyomo kwenye damu. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1964, watafiti wakaonyesha jambo lililowashangaza wengi: glukosi ikipitia njia ya chakula inaamsha insulini nyingi zaidi kuliko glukosi ileile ikichomwa moja kwa moja kwenye mshipa. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, kumbe halingoji sukari ya damu peke yake. Linapata habari kutoka utumboni. Wanga unapovuka mlango wa tumbo na kugusa ukuta wa utumbo mwembamba, chembe za ukuta huo zinatoa homoni, hasa mbili, GIP na GLP-1, ambazo kwa pamoja huitwa inkretini. Hizo ndizo zinazoliambia kongosho kwamba chakula kimeingia, litoe insulini. Kwa mtu mwenye afya, nusu au zaidi ya insulini inayotoka baada ya kunywa glukosi ni kwa sababu ya taarifa hiyo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, taarifa inatolewa lakini kongosho linaitikia kwa unyonge.

Napenda sana jinsi mpango huu ulivyo mwangalifu. GLP-1 ikishatoka haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache, kwa sababu kuna kimeng'enya kinachoikata mara moja. Inalihimiza kongosho pale tu sukari inapokuwa imepanda. Sukari ikishuka, inanyamaza. Na inarudisha neno kwa tumbo pia: punguza kasi, huku kumeshajaa. Kongosho nalo, pamoja na insulini, linatoa homoni nyingine iitwayo amilini ambayo kazi yake mojawapo ni hiyohiyo ya kulipunguza tumbo mwendo. Kwa hiyo kwenye mwili ambao haujaguswa na kisukari, chakula na insulini vinakwenda bega kwa bega. Chakula kikichelewa, insulini nayo inachelewa. Mtu huyo hata tumbo lake likigoma nusu saa, hatatetemeka.

Sindano yako haina habari hizo. Ukishaichoma, insulini ya haraka inaanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 20, inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa moja na mbili, kisha inafifia na kuisha baada ya saa tatu hadi tano. Inafanya hivyo iwe chakula kimefika utumboni au bado. Jumanne ile, naamini mambo yalikwenda hivi: ulichoma, ukala, mlango wa tumbo ukabaki karibu umefungwa. Insulini ikaingia kazini ikakuta hakuna wanga mpya, ikashusha sukari iliyokuwepo, 7.4 ikawa 3.4. Ukala biskuti na mkate, navyo vikaungana na chakula kilichokuwa kimekaa. Baadaye, insulini ilipokuwa imeanza kwisha, tumbo likaachilia mlo wa mchana pamoja na biskuti na mkate juu yake. Jioni 15.8. Ile ya usiku ni hadithi ileile: chakula cha jioni kinaingia kwenye damu saa nane na saa tisa za usiku wakati wewe umelala.

Kwa nini tumbo lichelewe? Kuna neva ndefu inayotoka kwenye ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni, inaitwa vagasi. Ndiyo inayoliamuru tumbo lisage na lisukume. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaweza kuiharibu, kama inavyoharibu neva za nyayo zikafa ganzi. Tumbo likilegea namna hii bila kuwepo kizuizi chochote, madaktari wanaliita hali ya gastroparesisi. Dalili zake ni hizo ulizoandika: kushiba baada ya matonge machache, kujaa, kichefuchefu, kutapika chakula cha jana. Kuna na mzunguko mbaya unaopaswa kuujua. Sukari kuwa juu, hata kwa siku hiyo moja tu, inalipunguza tumbo kasi. Sukari ikishuka sana, tumbo linaharakisha. Kwa hiyo ile 14 unayoamka nayo inauchelewesha mlo wa asubuhi, na mlo uliochelewa unaleta 15 nyingine mchana.

Nikujibu maswali yako sasa. Insulini haijaharibika. Iliyoharibika haishushi mtu hadi 3.4. Lakini pitisha vidole mahali unapochoma. Ukisikia pamevimba au pana donge laini chini ya ngozi, usichome hapo tena, kwa maana insulini inanyonywa ovyo kwenye madonge hayo na inaweza kuleta vurugu inayofanana na yako. Mwonyeshe daktari.

Kuhusu kuacha sindano ya mchana: usiache kwa uamuzi wako mwenyewe, na ile ya siku nzima usiiguse kabisa. Lakini pia usisubiri tarehe ya kliniki. Kushuka chini ya 3.9 mara kwa mara baada ya kula ni sababu tosha ya kumwona daktari wiki hii, kesho ikiwezekana, na kama kuna namba ya simu ya kliniki piga leo uulize ufanye nini na sindano ya mlo unaofuata. Daktari ana njia kadhaa. Anaweza kukuambia uchome baada ya kula badala ya kabla, au agawanye dozi mara mbili, au abadili aina ya insulini iwe inayoanza taratibu. Zote zina shabaha moja, kuifanya insulini ifike wakati chakula kinafika. Ipi inakufaa haiwezi kujulikana kwa barua.

Jirani yako hakukudanganya. Kuanza na mboga na protini, wanga ukaja mwisho, kunapunguza mpando wa sukari baada ya mlo kwa watu wengi wenye kisukari, na mimi mwenyewe nawashauri hivyo. Siki nayo inasaidia baadhi ya watu. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba vinalichelewesha tumbo, wanga unaingia utumboni taratibu na hata insulini dhaifu inaumudu. Tumbo la jirani linafungua upesi, kwa hiyo breki inamfaa. Wewe gari limeshasimama. Mboga mbichi zenye nyuzinyuzi ngumu ndizo tumbo lililolegea linazishindwa zaidi, na zikikaa zinaweza hata kujisokota zikawa donge. Acha zile bakuli za mbichi leo.

Badala yake kula kidogo kidogo, milo mitano au sita badala ya mitatu mikubwa, ila kwanza muulize daktari sindano ziende vipi na milo hiyo. Chakula kiwe laini: kilichopondwa, kilichosagwa, kilichoiva sana. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio kwa watu wenye kisukari na gastroparesisi, na waliokula chakula cha chembe ndogondogo walipata nafuu ya kujaa na kutapika kuliko waliokula chakula cha kawaida cha wagonjwa wa kisukari. Karoti siyo adui, ila zichemshe mpaka zipondeke kwa uma. Nyama iwe ya kusaga au badala yake yai au samaki laini. Mafuta mengi yapunguze. Siku tumbo limejaa sana, supu iliyosagwa itapita pale tonge litakapokwama. Ukimaliza kula usilale. Kaa wima au tembea taratibu. Chakula cha jioni kiwe kidogo kuliko vyote na kiliwe mapema.

Kwa daktari nenda na daftari lako, maana ndilo lenye ushahidi kuliko kadi yoyote. Kwa siku tatu nne andika saa uliyochoma, saa ya tonge la kwanza, kisha sukari kabla ya kula, baada ya saa moja, saa mbili, na saa nne. Andika pia ulishiba wapi na kama ulitapika. Mweleze habari ya karoti bila aibu yoyote. Kwa daktari anayejua, sentensi hiyo moja ina thamani kubwa. Kisha muulize hivi: "Je, inawezekana tumbo langu linachelewa kutoa chakula?" Swali likiwa limewekwa wazi hivyo, ni vigumu kulijibu kwa kukuambia ufuate masharti.

Mara nyingi wataanza na kamera ya kuingia tumboni, kuhakikisha hakuna kidonda au kitu kilichoziba njia, kwa sababu njia ikiziba nayo inaleta dalili hizi. Kipimo chenyewe cha mwendo wa tumbo ni kula mlo mdogo uliotiwa kiasi kidogo sana cha dawa ya mionzi, kisha wanapiga picha kwa saa nne. Ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya mlo bado imebaki tumboni baada ya saa nne, tumbo limechelewa. Mahali pengine hutumia kipimo cha pumzi. Siku hiyo sukari yako isiwe juu sana, la sivyo kipimo kitadanganya, kwa ile sababu niliyoitaja ya sukari kulipunguza tumbo kasi.

Beba na dawa zako zote, hata za kununua dukani. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zinalilegeza tumbo, na baadhi ya dawa za zamani za msongo wa mawazo pia. Halafu kuna hizi sindano za GLP-1 zinazosifiwa sana sasa kwa kisukari na kupunguza uzito, kama semaglutaidi na liraglutaidi. Ni dawa nzuri, zimewasaidia wagonjwa wengi, lakini sehemu ya kazi yake ni kulipunguza tumbo kasi. Kama umeanzishwa mojawapo mwaka jana, wakati mambo yalipoanza kuharibika, hilo liwe la kwanza kusema. Kama hujaanzishwa na mtu akakupa wazo, mwambie kwanza unatapika chakula cha jana. Na dawa za kuzuia kutapika usijinunulie. Metoklopramidi, inayotumika sana kwa tumbo kama lako, ikitumiwa miezi mingi inaweza kuleta mikakamao na mitikisiko ya uso na ulimi isiyozuilika, ambayo pengine isiondoke. Itolewe na daktari, kwa muda anaojua yeye.

Ukitapika hadi maji hayakai, au matapishi au choo vikawa vyeusi, au ukahema haraka na kwa kina huku sukari iko juu, au kifua kikabana, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nimebakiza sukari inaposhuka, na hapa nakusihi usome mara mbili. Biskuti na mkate havikufai tena, ndiyo maana Jumanne ulichukua muda mrefu kutulia. Tumbo lisilosukuma chakula halitasukuma biskuti. Tumia glukosi ya unga iliyokorogwa kwenye maji kidogo, gramu 15, ambazo ni kama vijiko vitatu hadi vinne vya chai, au nusu glasi ya juisi tamu. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini ya 3.9. Kama mashine ya mwenzako mwingine anayesoma hapa inaonyesha mamia, 3.9 kwake ni 70. Muulize daktari pia kuhusu glukagoni, dawa inayoliamuru ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Yenyewe haipiti tumboni hata kidogo, na kwa mtu kama wewe hilo ni jambo kubwa. Aliye nyumbani afundishwe kuitumia, na ajue kwamba mtu aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni.

Aliye nyumbani ni mumeo. Nadhani anaangalia vyombo kwa sababu anaogopa na hajui aangalie wapi. Mpe kitu cha kuangalia. Mwombe akae nawe siku moja tangu tonge la kwanza hadi saa nne zipite, yeye ndiye apime, yeye ndiye aandike. Akiiona 3.4 kwa macho yake, sahani ikiwa bado mezani, hutahitaji kujitetea, na siku ya kwenda kwa daktari utakuwa na shahidi.

Na ile glukosi ya unga usiiweke jikoni. Iweke karibu na kitanda, upande unaolala wewe, na glasi ya maji pembeni yake.